Kuvuna Mitishamba ya Mwituni Bila Kuumaliza Msitu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanaochimba, wanaovuna na wanaouza: kina mama wa Shinyalu wanaoingia msitu wa Kakamega, wauzaji wa manyasi, yaani dawa za mitishamba, katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na vikundi vilivyo kandokando ya msitu wa Mau upande wa Nakuru. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale yanayotatiza. Pale jibu lilipo kwenye swali lingine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. "Kuvuna kwa njia endelevu" maana yake nini kwa mtu wa kawaida?

Maana yake ni kwamba mwakani ukirudi palepale utakuta cha kuvuna. Watu wengi huanza kwa kuuliza wachukue kiasi gani. Mimi huanza na swali lingine: unachukua sehemu gani ya mmea?

Majani na matunda ni kama maziwa, ukikamua kwa kiasi ng'ombe yupo. Gome ni ngozi: kidonda kidogo hupona, lakini mnyama akichunwa mzima hawezi kuishi. Ukiung'oa mzizi mkuu, hapo umechinja. Karibu kila kanuni iliyo hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

2. Ni mimea ipi inayotutia wasiwasi zaidi huku kwetu?

Ile inayotafutwa kwa gome au mizizi yake, hasa ikiwa hukua polepole. Wa kwanza ni mwiritsa, ambao Wakikuyu huuita muiri na Wakalenjin tenduet. Kitaalamu ni Prunus africana. Gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezea dawa za tezi dume iliyovimba. Tangu 1995 mti huu umo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Wa pili ni muthiga, au sogoet kwa Wakalenjin, Warburgia ugandensis, ambao gome lake kali kama pilipili hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya jino. Kuna shikuma, ambao pia huvuliwa gome. Kuna mkombero, unaochimbwa mizizi. Halafu kuna msandali, ambao nimeupa swali lake (la 11).

Mwarobaini haumo katika orodha hii. Asili yake ni Asia, huku kwetu hupandwa, na unastawi vizuri katika joto la Kisumu. Majani yake vuna bila hofu. Leleshwa wa Gilgil na Elementaita, ambao majani yake hukamuliwa mafuta, nao huchipua tena kwenye kisiki.

3. Mababu zetu walivuna miaka yote na msitu haukuisha. Kwa nini leo tuambiwe tumezidisha?

Mababu walivuna kwa ajili ya mgonjwa. Mganga alitoka asubuhi na kisu, akarudi na kipande cha gome kinachoenea kiganjani. Leo kipimo ni gunia, na gunia hupanda bodaboda hadi Luanda ya Vihiga, kisha Kisumu, kisha Nairobi. Msitu wenyewe nao umepungua. Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo, na leo umezungukwa na mashamba kila upande.

Hata hivyo wanaouliza swali hili wana hoja. Wazee hawakuvuna ovyo. Zaidi ya mzee mmoja ameniambia kwamba gome huchukuliwa upande wa macheo na upande wa machweo tu, la sivyo dawa haifanyi kazi. Wataalamu wa misitu nao wanafundisha kuvuna robo mbili za shina zinazotazamana (swali la 4). Ni jambo lilelile. Ndiyo maana mafunzo yoyote ya wavunaji yanayoanza kabla ya waganga wa kijiji kusikilizwa, kwangu yameanza vibaya.

## Kisu, panga na jembe

4. Nitatoaje gome la mwiritsa bila kuua mti?

Chagua mti uliokomaa, wenye kipenyo cha angalau sentimita 30 kwenye usawa wa kifua. Ligawe shina kwa macho katika robo nne, kutoka juu hadi chini. Vuna robo mbili zinazotazamana na uziache zile nyingine mbili kabisa. Usiguse mizizi wala usivuke tawi la kwanza. Kata mstari kwa panga kali na safi, kisha bandua taratibu. Chini ya gome kuna utando laini wenye unyevunyevu. Usiukwangue, maana ndio unaoshona gome jipya. Ukiona mti mweupe wa ndani umekatwa, umekwenda mbali mno. Baada ya hapo mti upumzike miaka kadhaa, hadi gome jipya liwe nene, ndipo ufikirie robo zilizobaki.

Sababu ni hii: chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kupitia gome. Ukizungusha panga pande zote, mizizi inakufa njaa. Na mti haufi siku hiyo. Unaweza kubaki wa kijani miezi mingi, mvunaji akapita na kusema, "Mbona uko hai?" Akavuna mwingine vivyo hivyo. Kufikia majani ya wa kwanza yanapokauka, kumi wengine wako njiani kuufuata.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mama mmoja wa makamo alinipeleka kuona mwiritsa uliochunwa kuanzia chini hadi mahali ngazi ilipofika. Aliweka mkono kwenye shina tupu akasema, "Mwanangu, mti huu nilionyeshwa na mama mkwe wangu." Yeye hakuwa ameuchuna. Waliouchuna walikuja usiku.

5. Muthiga nao ni hivyohivyo?

Kanuni ya gome ni hiyohiyo, ila muthiga una njia bora zaidi: majani. Tafuna jani lake na utasikia ukali ule ule ulimini. Shida ni mteja aliyezoea gome na anayedhani majani ni udanganyifu. Mwonjeshe kwanza, ndipo umtajie bei.

6. Nikichimba mkombero, mmea si utakufa tu?

Ukiung'oa, ndiyo. Mkombero ni mmea wa kutambaa juu ya miti, na kinachouzwa ni mzizi wenye harufu ya vanila. Anayetaka uendelee kuishi huchimba upande mmoja tu, hatua kidogo kutoka kwenye shina, akakata mizizi miwili mitatu minene, akaiacha mingine, akarudisha udongo na kuukanyaga. Mmea wenye matunda haugusi mpaka mbegu zipukutike.

Lakini niseme wazi: kuchimba mkombero wa msituni kwa ajili ya kuuza sikuungi mkono tena. Huota kwa mbegu, hupanda juu ya mti wowote wa kivuli, na tayari kuna wakulima wa Kakamega wanaoulima. Wa msituni uachwe uwe chimbuko la mbegu.

7. Na ogaka, yaani shubiri?

Kata majani ya chini ya nje, acha yale ya katikati, na usiung'oe mmea kukusanya utomvu. Uvunaji wa shubiri za mwituni kwa biashara ulipigwa marufuku 1986. Kanuni za 2007 zikafungua njia ya biashara inayotokana na shubiri zilizopandwa. Kwa hiyo anayetaka kuuza, kama wanavyofanya baadhi ya watu wa Baringo, aanze na shamba.

8. Tutajuaje kwamba tumezidisha?

Miguu itakuambia kabla ya mtaalamu. Kama zamani mlijaza kikapu kabla ya saa nne na sasa mnatembea hadi adhuhuri, mmezidisha. Kama mizizi mnayoleta ni myembamba kuliko ya mwaka juzi, mmezidisha. Dalili mbaya kuliko zote ni kuona miti mikubwa bila miche chini yake.

Chagueni njia moja ya msituni na muitembee kila mwaka mwezi uleule. Hesabuni miti mikubwa, michanga, na iliyovuliwa gome. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Daftari hilo litawafaa pia siku ya kuomba kibali (swali la 9) na siku mnunuzi makini atakapotaka ushahidi (swali la 15).

## Sheria na vibali

9. Je, nahitaji kibali kuchukua dawa msituni?

Inategemea ni ya nani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaitambua desturi ya jamii ya msitu kuchukua mazao waliyozoea kuyachukua, mradi si kwa kuuza na wafuate masharti yaliyowekwa. Ukishaanza kuuza, unahitaji ruhusa.

Njia ya kawaida ni kupitia chama cha misitu cha jamii, kile tunachokiita CFA. Chama husajiliwa, huandaa mpango wa usimamizi, kisha hutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Sheria yenyewe inataja ukusanyaji wa mitishamba miongoni mwa haki ambazo chama kinaweza kupewa. Wengi hawalijui hilo, na katika mipango mingi utakuta kuni na malisho vimeandikwa kurasa nzima huku dawa zikipata sentensi moja. Mpango ukiandikwa upya, hudhurieni mkutano na mdai mitishamba iandikwe kwa majina, sehemu inayovunwa, na kiasi.

Anayekamatwa akitoa mazao ya msitu bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi 6. Hakuna gunia la gome linalolipa hivyo.

Kwa watu wa Kakamega kuna jambo la ziada. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Isecheno upande wa kusini uko chini ya KFS. Ruhusa ya upande mmoja haivuki hadi wa pili.

10. Mti uko shambani kwangu. Bado nina haja ya makaratasi?

Kwa matumizi ya nyumbani, hapana. Kwa kuuza, tunza ushahidi: ulipanda lini, miche ulitoa wapi, picha za miti, barua ya chifu. Gome likishakuwa kwenye gunia barabarani, hakuna askari anayeweza kutofautisha la shamba na la msitu. Na likivuka mpaka, mwiritsa unahitaji kibali cha CITES hata kama ulimea nyuma ya jikoni lako.

11. Jirani ameambiwa msandali una pesa nyingi. Ni kweli?

Pesa zipo, na ndizo zinazowaingiza vijana jela. Uvunaji wa msandali ulipigwa marufuku nchini 2007, na mwaka 2013 mti huu ukaingizwa katika Orodha ya Pili ya CITES. Mafuta yake yako kwenye kiini cha shina na mizizi, kwa hiyo hung'olewa mzima. Isitoshe una miti dume na miti jike, hivyo wakimalizwa wa jinsia moja, waliobaki hawazai. Hata kuupanda kuna ugumu wake, maana huishi kwa kunyonya mizizi ya mimea jirani. Usiuguse.

## Pesa

12. Broka ananunua kwa bei ya chini. Nitapataje zaidi bila kuvuna zaidi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu anayelipwa kidogo kwa kilo hulazimika kuleta kilo nyingi. Bei mbaya huuma msitu sawa na panga.

Anza na mizani yako mwenyewe. Kisha fanya jaribio: pima kilo 10 mbichi, zikaushe, pima tena. Tuseme umebaki na kilo 3. Basi bei ya kilo moja kavu ikiwa chini ya mara tatu na theluthi ya bei ya mbichi, umepata hasara hata kabla ya kuhesabu siku zako za kukausha. Broka anaijua hesabu hii. Ni haki nawe uijue.

La pili, uzeni pamoja. Mtu mmoja mwenye nusu gunia hana sauti. Watu ishirini wenye stoo moja kavu wanaweza kusubiri wiki mbili. La tatu, ulizeni bei ya hatua inayofuata. Nendeni Kibuye au soko la Wakulima Nakuru, mnunue kama wateja wa kawaida, mlinganishe.

Sisemi broka ni mwizi. Analipa usafiri na kubeba hatari. Ila pengo kati ya bei ya msituni na bei ya mjini lijulikane kwa pande zote mbili.

13. Kukausha kunahitaji mashine?

Hapana. Kunahitaji kivuli, upepo, na kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini. Majani yasipigwe na jua kali, yanapoteza harufu na rangi. Usianike kando ya lami kama mahindi: vumbi, mafuta ya magari na mikojo ya mbuzi vyote huingia. Hapa magharibi mvua za alasiri ndizo adui, kwa hiyo kila kichanja kiwe na bati au turubai. Kikitokea kuvu hata kidogo, tupa. Usikichanganye ndani ya gunia kukificha, kwani kinaenda kwenye mwili wa mgonjwa.

14. Kuna kikundi cha huku kilichofaulu?

Kipo. Kikundi cha uhifadhi cha wakulima wa Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, kilichukua mwonyi, mmea wenye harufu kali ya kafuri, wanachama wakaupanda mashambani badala ya kuufuata msituni. Kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe wakaanza kukamua mafuta na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nikiwataja watu husikia "tuzo" na kusahau mengine. Mimi hutazama mambo mawili: walichagua mmea unaovunwa majani, ambao huchipua tena, na walimaliza kazi ya kutengeneza bidhaa hukohuko kijijini. Faida haikupanda basi la Nairobi ikiwa mbichi.

15. Cheti kama FairWild kinatufaa?

FairWild ni kipimo cha kimataifa cha mimea ya mwituni kinachoangalia mambo mawili kwa pamoja: mmea usiishe na mvunaji alipwe kwa haki. Kwa kikundi kidogo gharama ya ukaguzi ni mzigo, na bila mnunuzi wa nje anayekihitaji sikushauri kuanzia hapo. Masharti yake lakini ni mwongozo mzuri: ramani ya eneo, hesabu ya mimea, kumbukumbu za kila uvunaji, malipo yaliyoandikwa. Daftari la swali la 8 ni mwanzo wake.

16. Tukianza kupanda, sisi tusio na shamba tutakula wapi?

Swali hili liliulizwa na mjane mmoja mkutanoni, na ukumbi ukanyamaza. Ni kweli: kupanda humfaidi mwenye ardhi, na mvunaji wa msituni mara nyingi ndiye asiye nayo. Mradi unaosema "pandeni" kisha ukaondoka umemwacha nje yule aliyeutunza msitu kwa muda mrefu zaidi.

Nimeona njia mbili zenye maana. Moja ni kitalu cha miche: hakihitaji zaidi ya kipande kidogo cha uwanja na maji. Mbegu za mwiritsa na muthiga hupoteza uwezo wa kuota zikikauka, kwa hiyo zinahitaji mtu anayejua mti uko wapi, unazaa lini, na anayezipanda zikiwa bado mbichi. Huo ni ujuzi wa mvunaji, wala si wa mwenye shamba. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina vituo Maseno na Londiani vinavyoweza kuwashauri. Njia ya pili ni kuandika ndani ya katiba ya kikundi kwamba kazi za kukusanya mbegu na majani zianze kupewa wasio na ardhi.

## Yanayotatiza

17. Mtafiti amekuja kuuliza dawa zetu. Tumwambie?

Kwanza mwombe leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki. Kanuni za 2006 zinataka jamii iridhie kabla, na makubaliano ya kugawana faida yaandikwe. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi nayo inazipa kaunti jukumu la kuweka rejista ya maarifa hayo. Mtafiti mwema hatakasirika ukimwuliza. Asiye na karatasi hizo mpe chai, dawa abaki bila kuijua.

18. Mnunuzi anataka magunia kumi ndani ya wiki moja, na karo ya shule inadaiwa. Nifanyeje?

Nalijua shinikizo hili. Wanunuzi wa aina hiyo huja Januari, na hawaji kwa bahati. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi kilikubali, na mwiritsa wote wa karibu ukachunwa pande zote. Mwaka uliofuata mnunuzi alihamia kwingine. Karo ilidaiwa tena.

Kinachosaidia lazima kiwepo kabla ya Januari: akiba ya chama ya kukopeshana karo. Ukiwa nayo, unaweza kumjibu mnunuzi, "Tuna magunia mawili. Mengine mwakani."

19. Naweza kuandika kwenye pakiti kwamba dawa yangu inaponya sukari?

Hapana. Bidhaa ya mitishamba inayodai kutibu husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Andika jina la mmea, sehemu iliyotumika na tarehe ya kuvuna. Mteja mjamzito, mwenye mtoto mchanga, au anayemeza ARV, dawa za kifua kikuu au za sukari, mwambie amweleze daktari wake kabla hajaanza.

Jihadhari pia na majina. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba mimea miwili tofauti ukivuka kutoka Vihiga kwenda Nandi. Mkiwa na shaka, kausheni tawi lenye majani na maua katikati ya magazeti, mlipeleke kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa Nairobi litambuliwe.

20. Tumekuta mwiritsa umechunwa pande zote. Bado unaweza kuokolewa?

Wakati mwingine. Kama ule utando wenye unyevu haukukwanguliwa, gome jipya linaweza kuota kwa mabaka, hasa msimu wa mvua na mti ukiwa kivulini. Kwa hiyo usiukate kuni, na usiruhusu mtu aliyekuja na shoka akisema "umeshakufa." Toeni taarifa kituo cha msitu, uandikeni kwenye daftari, na muutembelee kila mwezi. Ukizaa, okoteni kila tunda kabla nyani hawajafika, mlipeleke kitaluni siku hiyohiyo.